TAA INAYOZUNGUSHA RANGI BILA KUSIMAMA: KOSA NI LA NANI?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama mafundi wa taa na jukwaa, mkutano wa Nyeri

Bwana Mwenyekiti, ndugu wanachama wa Nyeri, na ninyi mliosafiri kutoka Karatina, Kerugoya, Embu, Nanyuki na Meru,

Halmashauri imetuomba tuseme juu ya jambo moja tu, nalo ni ile taa ya jukwaa yenye kichwa kinachogeuka, ambayo ikiwashwa huzungusha rangi zake mara nyingi, halafu husimama na kuandika katika kidirisha chake, kwa Kiingereza, kwamba gurudumu la rangi lina kosa. Wengine watauliza kwa nini Chama kishughulike na gurudumu la taa badala ya kushughulika na mishahara. Jibu letu ni kwamba mambo haya mawili ni jambo moja. Wanachama wameleta ofisini malalamiko ya namna ile ile: taa imekataa usiku wa kazi, tajiri amesema fundi ndiye aliyeiua, na mwisho wa mwezi mshahara umekatwa. Tulipopata nafasi ya kufungua taa mbili kati ya hizo, ya kwanza haikuwa na ubaya wo wote ila sumaku ndogo kuliko punje ya mahindi ilikuwa imebanduka. Ya pili ilikuwa na waya mmoja uliolegea. Watu wamelipishwa taa nzima kwa ajili ya punje.

Kwa hiyo twataka kila fundi aliye hapa aondoke akijua namna ya kulitafuta kosa lenyewe, na namna ya kuonyesha kwa maandishi kwamba si yeye aliyelifanya.

Tuanze na mtambo. Zamani rangi ya taa ya jukwaa ilikuwa karatasi ya plastiki iliyotiwa mbele ya taa kwa mkono, na aliyetaka kubadili rangi alipanda ngazi. Taa zinazogeuka na kubadili rangi zenyewe zilionekana kwa watu mara ya kwanza mjini Barcelona, mwezi wa Septemba 1981, katika ziara ya bendi ya Genesis ya Uingereza. Zilitengenezwa Marekani na kampuni ya Showco ya Dallas, na jina lake lilikuwa Vari-Lite. Mwaka wa 1986 ukaja mpango wa DMX512, ambao ndio tunaoutumia mpaka leo kupeleka amri kutoka mezani mpaka taa. Siku hizi taa za namna hii zimejaa katika makanisa makubwa, katika hoteli, katika mikesha ya mugithi na katika mikutano ya wanasiasa, na nyingi ni zile za watt 230 zinazotoka China. Tajiri hununua kumi kwa pamoja. Kitabu cha maelezo hukitupa pamoja na sanduku.

Ndani ya kichwa cha taa mna sahani nyembamba ya chuma, ukingoni imepangwa vioo vidogo vya rangi, na nafasi moja imeachwa tupu ili mwanga mweupe upite. Hilo ndilo gurudumu la rangi. Linazungushwa na mota ya hatua, yaani mota isiyozunguka ovyo kama ya feni, bali husogea hatua moja kwa kila amri. Zilizo nyingi hufanya hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Mota hii ni kama kipofu anayehesabu hatua zake kutoka mlangoni: akijua mlango uko wapi, atafika sokoni na kurudi bila kukosea. Mwondolee mlango, na hesabu yake yote ni bure.

Mlango wa gurudumu ni ile sumaku. Imegandishwa kwa gundi juu ya sahani, na karibu yake kuna kijibodi kidogo chenye sensa ya Hall. Jina ni la Mmarekani Edwin Hall, ambaye mwaka wa 1879 alipitisha stima katika bamba jembamba la dhahabu, akaliweka penye nguvu ya sumaku, akaona stima imesukumwa upande. Sensa yetu inafanya kazi kwa ugunduzi huo huo. Taa inapowashwa, bodi humwamuru kipofu azunguke polepole mpaka sumaku ipite mbele ya sensa. Sensa hutoa ishara, bodi husema, "Hapa ndipo sifuri," na kutoka hapo nyekundu, buluu na kijani zote zinajulikana kwa hesabu. Ishara isipokuja, bodi hungoja mizunguko kadha, kisha hukata tamaa na kuandika kosa.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu siku. Bodi haijui sababu. Inajua tu kwamba ishara haikuja. Maneno yale ya kidirishani hayasemi kwamba sensa imekufa, wala hayasemi kwamba taa imekufa. Fundi anayekimbilia Luthuli Avenue kununua sensa kwa sababu ameyasoma maneno hayo atarudi na sensa mpya, ataifunga, na taa itaandika kosa lile lile.

Kabla hujashika bisibisi, zima taa, washa tena, na utazame kwa macho yako inavyojianza. Kama gurudumu linazunguka vizuri, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu linasimama na kosa linaandikwa, mota ni nzima. Shaka yako iwe juu ya sumaku, sensa, au waya wa sensa. Kama gurudumu halisogei kabisa, usiitazame sensa kwanza. Hapo mota imekosa stima, au plagi yake imechomoka, au kitu kimeligandamiza gurudumu. Likitetemeka mahali pamoja kama mtu mwenye homa, mara nyingi waya mmoja kati ya nyaya za mota umekatika, na mota inavutwa mbele na nyuma bila kwenda. Na kama taa inajianza vizuri bila kosa lo lote, lakini rangi zinatokea nusu kwa nusu, sensa haina hatia: ni skrubu ndogo inayoshika gurudumu kwenye mhimili wa mota imelegea na gurudumu linateleza, au mtu amechezea hesabu ya mahali katika menyu. Tazameni vile dakika moja ya kutazama inavyookoa saa mbili za kufungua.

Kuna namna nyingine inayosumbua zaidi, nayo ni taa inayojianza vizuri ikiwa baridi, halafu baada ya saa moja, ukiiamuru ijianze tena, inakataa. Hiyo imeambiwa na joto. Huenda lehemu ya sensa imepasuka, na chuma kikipanuka mguu huachana na bodi. Huenda pia sumaku imedhoofika. Sumaku hizi za neodimiamu, kama ni za daraja la kawaida, zikipita joto la digrii 80 za Celsius hupoteza sehemu ya nguvu yake, na zikipoa nguvu hiyo hairudi. Ndani ya taa ambayo feni yake imezibwa na vumbi, digrii 80 si nyingi.

Kabla ya kufungua, stima itolewe ukutani. Kuzima kwa swichi hakutoshi, wala kuzima kutoka mezani. Taa za balbu ya gesi zina kifaa cha kuwashia kinachotoa volti elfu kadha, na balbu yenyewe ikiwa moto ina mgandamizo mkubwa na inaweza kupasuka usoni mwako. Ngoja ipoe nusu saa. Taa ishushwe chini. Isifunguliwe juu ya ngazi wakati watu wanapanga viti chini yake. Tajiri akisema hakuna nafasi, mjibuni kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mfanya kazi atoe habari ya hatari kubwa anayoiona, na inamkataza mwenye kazi kumrudisha hapo hatari ikiwa bado ipo.

Ukisha fungua, geuza gurudumu kwa kidole polepole, ukilishika ukingoni bila kugusa vioo, maana mafuta ya kidole huungua juu ya kioo. Tafuta sumaku. Kama haipo mahali pake, usikimbie dukani. Sumaku haipotei kama sarafu. Imeanguka na kushika chuma kilicho karibu, na mara nyingi utaikuta imeng'ang'ania mgongo wa mota au kichwa cha skrubu. Tumewaona mafundi wakitafuta sakafuni kwa tochi na sumaku iko juu ya mota inawatazama.

Kuirudisha kuna kanuni yake. Sumaku ina pande mbili, na sensa nyingi za namna hii huona upande mmoja tu. Ukiigandisha kichwa chini, utakuwa na sumaku nzuri, sensa nzuri, waya mzuri, na kosa lile lile. Kwa hiyo kabla ya kutia gundi, jaribu pande zote mbili mbele ya sensa na utie alama ya kalamu upande unaoonekana. Tena usitumie ile gundi ya kukauka mara moja. Ikipata joto la taa huwa kavu kama biskuti na kuachia, na hiyo ndiyo sababu sumaku ya kiwandani yenyewe ilianguka. Tumia gundi ya mirija miwili inayochanganywa, iliyoandikwa kwamba inavumilia joto, uiache usiku mzima. Angalia pia nafasi iliyopo kati ya sumaku na sensa: ni milimita chache tu, na kijibodi kilichopindika kwa mshtuko wa lori kinaweza kuiongeza mpaka sensa isione kitu.

Kama sumaku iko mahali pake, pima sensa. Ina miguu mitatu: mmoja wa stima, ambayo kwa taa nyingi ni volti 5, mmoja wa ardhi, na mmoja wa ishara. Sensa ikiwa haioni sumaku, mguu wa ishara huonyesha karibu volti 5. Ikiiona, volti hushuka karibu na sifuri. Hayo ndiyo yote unayoyataka kwa mita yako. Asiye na ujuzi wa kupima ndani ya taa yenye stima asijaribu, kwa sababu volti 240 ziko karibu na hizo 5. Mtu huyo na aitoe sensa nje. Betri tatu ndogo za volti moja na nusu zikiunganishwa hutoa volti 4.5, nazo zinatosha kwa sensa nyingi. Tia ukinzani wa ohm 10,000 kati ya stima na mguu wa ishara, weka mita kwenye ishara na ardhi, pitisha sumaku. Volti ikishuka, sensa ni nzima na kosa liko kwingine. Isiposhuka kwa upande wo wote wa sumaku, sensa imekufa, na bei ya mpya haifiki bei ya chakula cha mchana. Ukinunua, hakikisha namba iliyoandikwa juu yake ni ile ile, kwa maana mpango wa miguu haufanani kwa zote.

Si kila taa ina sensa ya sumaku. Nyingine zina jicho la mwanga: upande mmoja kijitaa kidogo, upande wa pili kipokezi, na sahani ina upenyo unaopita katikati. Adui wa jicho hili ni moshi wetu wa jukwaani. Moshi ule hutoka katika maji yenye glikoli, nao huacha utando wa mafuta ambao vumbi hupenda kukaa juu yake. Pamba na spiriti safi hutibu wagonjwa wengi wa namna hiyo.

Kama hata sasa hujui kama ubaya uko kichwani au katika bodi, kuna jaribio moja zuri, lakini wengi hulifanya nusu. Gurudumu la michoro lililo jirani lina mota yake na sensa yake, na mara nyingi plagi zake ni sawa na za gurudumu la rangi. Stima ikiwa imetolewa, badilisha plagi hizo: ya mota kwa ya mota, NA ya sensa kwa ya sensa. Zote mbili, ndugu. Ukibadilisha ya sensa peke yake, bodi itazungusha gurudumu moja huku ikitazama lingine, nayo itaandika makosa ambayo hayakuwapo. Ukisha badilisha zote mbili, washa na usome. Kosa likihamia kwa michoro, ubaya uko katika mtambo wa rangi: sumaku, sensa, waya au mota. Kosa likibaki kwa rangi, bodi ndiyo mgonjwa. Andika ulichokiona, kisha rudisha plagi mahali pake. Na kama plagi hazifanani, au mota moja ni kubwa kuliko nyingine, liache jaribio hili.

Kuna wanaopiga taa kofi. Ni kweli mara nyingine hufanya kazi, maana plagi iliyolegea hugusana tena. Lakini taa iliyoponywa kwa kofi itakataa tena Jumapili katikati ya ibada, na wa kulaumiwa ni yule aliyekuwa zamu.

Sasa tuseme juu ya nchi yetu, kwa kuwa taa hizi hazikuwekwa akilini kwa ajili ya mlima. Nyeri iko juu ya bahari mita 1,700 na zaidi, Nanyuki iko juu kuliko hapo. Mwezi wa Julai lori hulala nje na taa zake, asubuhi chuma ni baridi kama maji ya mto, kisha taa huingizwa katika ukumbi wenye watu mia tano wanaopumua na kuimba. Unyevu huganda juu ya chuma, ndani na nje. Mkiwasha hapo hapo, kosa la sensa ni dogo kati ya mabaya yanayoweza kuwapata. Ziacheni ndani ya masanduku yake saa moja au mbili zipate joto la ukumbi kabla ya kuwashwa. Upande wa Laikipia shida ni vumbi, na viwanja kama Kabiru-ini wakati wa kiangazi ni vivyo hivyo. Na barabara za mashambani hulegeza kila kilichofungwa kwa skrubu. Taa ikisafirishwa bila sanduku lenye sponji, plagi za ndani huchomoka zenyewe. Halafu kuna jenereta. Volti ikipanda na kushuka wakati taa inajianza, mota hukosa hatua, na kosa linaloandikwa ni lile lile la gurudumu. Kabla ya kumshitaki sensa, pima jenereta.

Tumeyaeleza haya yote, vumbi, unyevu, joto, barabara, gundi ya kiwandani, jenereta, kwa makusudi. Mtaona kwamba hakuna hata moja ambalo fundi amelifanya. Sanduku la sponji ni la tajiri kununua. Muda wa kusafisha feni ni wa tajiri kutoa. Twajua matajiri wengine ni watu wenye taa nne na deni la benki, na si wote wabaya. Lakini deni lao halilipwi kwa mshahara wetu.

Sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea, IKIWA hasara hiyo ilitokana na mfanya kazi kuvunja wajibu wake kwa kusudi. Sumaku iliyobanduka kwa joto si kusudi la mtu. Tena, hata pale makato yanapokubaliwa na sheria, yote pamoja yasipite theluthi mbili za mshahara. Tuseme fundi anapata Shs. 24,000/- kwa mwezi: makato yo yote yanayopita Shs. 16,000/- ni haramu, hata angekuwa amekosa kweli. Wale wanaolipwa kwa usiku wasidhani hawamo; kibarua naye ni mfanya kazi. Malalamiko hupelekwa kwa Afisa wa Kazi, na yakishindikana hapo, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo chake hapa hapa Nyeri, hakuna haja ya nauli ya Nairobi.

Lakini mahakama na Afisa wa Kazi hawajui gurudumu la rangi ni nini. Wanajua karatasi. Kwa hiyo tunataka kila fundi awe na daftari. Taa ikikataa, andika siku, mahali, namba ya taa, maneno yaliyotokea kidirishani, na jinsi gurudumu lilivyofanya: lilizunguka, lilitetemeka, au lilikaa kimya. Andika ulichokikuta ulipoifungua na ulichokipima. Piga picha ya sumaku kabla hujaigusa. Mwombe msimamizi atie sahihi. Akikataa, andika kwamba alikataa, na jina la mwenzako aliyekuwapo. Na unapopokea taa kwa kazi, ziwashe zote mbele ya aliyekupa, uandike zile ambazo tayari zina kosa. Katika malalamiko tuliyonayo ofisini, aliyekuwa na daftari ni mmoja tu, na ndiye pekee aliyerudishiwa fedha zake bila kufika kwa Afisa wa Kazi. Mwajiri wake alizisoma kurasa mbili, akaomba aonyeshwe ile sumaku, akalipa.

Kwa usiku wenyewe wa kazi, kama kosa limetokea na watu wameketi, usifungue kitu. Kama gurudumu limesimama penye nyeupe na taa inatii amri nyingine, itumie kama taa nyeupe na umwambie aliye mezani asiiguse rangi. Kama limesimama katikati ya rangi mbili, izime, uzipange zilizobaki. Matengenezo ni ya kesho mchana.

Maneno yametosha. Hapa mezani tuna taa mbili zilizoletwa kutoka Karatina, zote zimeandika kosa la gurudumu la rangi, na hatujazifungua. Sumaku za akiba, gundi na betri tatu zimo katika kisanduku hiki, ambacho kitabaki ofisini kwa matumizi ya wanachama wote. Atakayekichukua atie sahihi kitabuni. Waya wa stima umetolewa ukutani. Mmoja wenu aje athibitishe kabla hatujagusa skrubu ya kwanza, na walio nyuma wasogee karibu.